Muunganisho wa Pili wa Mloka

Kaka Zuberi,

Kwanza nilikulilia. Kukushuku kulikuja baadaye, na nataka ulijue hilo mapema, usije ukadhani nilisimama pale kaburini Mahege nikiwa na langu moyoni. Siku ile nililia mpaka mkeo Mwajuma, yeye mfiwa, ndiye akanishika mkono na kuniambia, "Hawa mdogo wangu, kaa chini, utaanguka."

Nakuandikia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Mjomba nimeshamwambia kiasi alichoweza kubeba. Mama yangu ndiyo kabisa, nikimtajia kodi za programu za kompyuta bado anadhani nakusanya mapato sokoni.

Hapa Kibiti mambo yamebadilika kidogo. Juu ya meza yako wameweka printa. Kikombe chako cha bati nimekificha kwenye droo yangu, maana nilimkuta katibu mpya anakorogea gundi. Mwajuma ametoka eda, amerudi kwao Bungu na watoto. Yule mdogo ameanza shule na nasikia ana ukaidi kama wako, hakubali kusomeshwa na mtu anayempigia kelele.

Halafu kuna habari ya Mloka. Hiyo ndiyo iliyonikosesha raha.

Kile kisanduku kilichofungwa kwenye nguzo ya chuma kando ya mto unakijua kuliko mimi. Kinapima kina cha maji, kinatuma namba kwa laini ya simu mpaka kwenye seva, kompyuta yetu kuu ya Kibiti, Mjomba Kassimu anaridhia kama mkuu wa mradi, ndipo ujumbe wa tahadhari unakwenda kwenye simu za watu wa bondeni, Chumbi na huko chini deltani. Kisanduku ni kizee. Kinatumia toleo la zamani la Python, ile lugha ya kuandikia programu, na hakina nafasi ya kubeba jipya. Seva inatumia jipya, na kile kifaa kingine cha kupimia maji deltani pia. Wewe ukaandika programu moja inayokubali kote kuwili, na ukanifundisha jinsi ulivyoiandika, tukila mihogo ya kuchemsha na chachandu, kibodi yako ikiwa na mafuta mpaka herufi nyingine zimefutika.

"Jaribu ya mpya," ulikuwa unasema. "Ikikosekana, chukua ya zamani. Lakini anayeitumia asijue tofauti."

Na kuhusu miunganisho hukuwa na mzaha. Ulisema kufungua muunganisho ni kama kumpigia mtu simu, ukishamaliza kuongea unakata, humwachi hewani. Toleo jipya linajua kukata lenyewe ukiliandika vizuri. La zamani, pale tulipolitumia sisi, lilitaka ukate kwa mkono wako. Ndiyo maana ukaandika kile kipande kidogo ulichokiita mlango, ambacho kazi yake yote ni kufungua, kupitisha, na kufunga, mambo yakienda vizuri au yakiharibika, kwa toleo lolote. Nilikuuliza kwa nini unahangaika hivyo kwa ajili ya kisanduku kimoja kibovu. Ulicheka tu. Sasa najua si kwamba nilisema jambo la kuchekesha.

Unakumbuka kile kikao kuhusu wachuuzi? Malori ya wanunuzi wa mpunga yalikuwa yamefika Chumbi kabla ya ujumbe wetu wa tahadhari. Watu wa huko wakalalamika, na Mjomba akatuita sote. Alisimama dirishani, akatugeukia polepole kama kawaida yake akitaka kumtisha mtu, akasema, "Kuna mtu humu ndani anatoa habari za mto nje." Kila mmoja akaapa. Wewe ulitazama kucha zako. Nilikuona, Kaka. Nikajiambia umechoka tu, kwa sababu wakati ule figo zilikuwa zimeshaanza kukusumbua na miguu inavimba.

Sasa sikiliza. Baada ya kufa kwako Mjomba alipata kisanduku kipya cha kuweka Mloka, kinachotumia Python mpya. Akaniambia, "Hawa, ondoa makorokoro yote ya zamani kwenye hiyo programu. Toleo limekufa, la nini?" Nikaanza kazi. Nilikuwa nasoma kipande kwa kipande, nikiona mkono wako, vile ulivyozoea kuacha maelezo mafupi ya Kiswahili pembeni: "hapa usiguse," "hapa pana utelezi." Nilikuwa natabasamu peke yangu.

Mpaka nilipofika sehemu inayosomwa na toleo la zamani tu. Kwenye toleo jipya kuna muunganisho mmoja, wa kwenda seva. Kwenye la zamani kuna miwili.

Niliusoma ule wa pili nikidhani sioni sawasawa. Unafunguka maji yakipanda kwa kasi tu, siku nyingine umenyamaza. Hauji Kibiti. Unakwenda kwenye mtambo wa kutuma ujumbe mfupi, kwa akaunti yenye jina lako mwenyewe, na kutoka hapo unakwenda kwenye namba moja ya simu. Moja tu. Pembeni hukuandika maelezo yoyote. Wewe, uliyekuwa unaeleza hata mstari wa kujumlisha!

Tabasamu likaniisha. Nikakumbuka kucha.

Nitakueleza niliyoyawaza yote, usinisamehe haraka. Niliwaza umekuwa ukiwauzia wachuuzi habari za mto, wajue mapema maji yanakuja, wakawakute wakulima wana hofu na mpunga wao, wanunue kwa bei ya kutupa. Nikakumbuka safari zako za Ikwiriri za kutafuta betri, na jinsi ulivyokuwa ukirudi bila betri. Nikaikumbuka ile baiskeli mpya ya mwanao. Mtu akishaanza kushuku, Kaka, hata wema unageuka ushahidi. Nikawaza pia kwamba umeificha kwenye toleo la zamani kwa makusudi, kwa kuwa ulijua mimi nafanya kazi zaidi kwenye jipya.

Nikaipiga ile namba kwa simu ya ofisi uliyokuwa ukitembea nayo, ambayo sasa niko nayo mimi. Ikapokelewa na mwanamke. Hakunipa hata nafasi ya kumwamkia.

"Nani wewe unatumia simu ya marehemu?"

Nikakata. Basi nikaongeza na mwanamke kwenye hesabu yangu ya dhambi zako. Nikamwona Mwajuma mawazoni kwenye kanga yake nyeupe ya eda, na niliposhika ile simu tena nilikuwa nimekukasirikia kweli kweli.

Niliporudia kupiga nilijieleza kwa adabu, kwamba natoka kwenye mradi wa vipimo vya mto. Yule mama akasema mambo ya simuni hayataki, nikimtaka niende Chumbi nimuulizie Bi Tatu wa bondeni. Sikumwambia Mjomba. Nilisema nakwenda Ikwiriri kutafuta betri. Uongo ule ule wako, na ulinitoka mdomoni bila kukwama.

Nilimkuta Bi Tatu juu ya dungu lake, kibanda cha nguzo ndefu, katikati ya shamba la mpunga, analinda ndege. Mwembamba, jicho kali, ana debe bovu na fimbo pembeni. Hakunikaribisha juu. Alinitazama toka huko huko, jua linanipiga usoni.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Umetumwa na mjomba wako?"

Nikashtuka. Nilikuwa nimemtajia jina langu la Hawa, si zaidi. Nikasema hapana, nimekuja mwenyewe, nataka kujua kwa nini kisanduku cha Mloka kinamtumia yeye ujumbe. Akacheka kidogo, bila furaha.

"Ningejuaje kama kweli umekuja mwenyewe? Mtu wa ofisini anakujaje bondeni peke yake na viatu hivyo?"

Tukavutana hivyo, mimi namshuku yeye, yeye ananishuku mimi, na ndege wanakula mpunga. Mwishowe nilichoka, nikamwambia ukweli wote: kwamba nimeamriwa kufuta sehemu ya zamani, nikiifuta muunganisho ule unakufa, na sitaki kuua kitu nisichokijua. Akalisogeza debe, akaacha nafasi. Ndipo akasema, "Panda."

Ni shangazi yako, Kaka, dada wa baba yako. Alikuwepo Mahege siku ya mazishi, nyuma kwenye masufuria, wala sikumwona. Huyo ndiye mwanamke wako wa siri.

Akanieleza yale mafuriko ya mwaka ule nilioanza kazi. Namba zilifika Kibiti mapema, wewe uliziona. Lakini kabla ya hapo mradi ulishawahi kutoa tahadhari ya uongo, watu wakakimbia bure, Mjomba akakemewa na wakubwa zake, na tangu hapo hakuna ujumbe unaotoka bila yeye kuridhia. Siku hiyo alikuwa kwenye kikao Dar, simu kazima. Ulimpigia na kumpigia. Alipoiwasha na kuridhia, maji yalikuwa yameshatangulia.

"Mkwe wangu alikuwa humu dunguni na kichanga chake," akasema Bi Tatu. Akanyoosha mkono akaupiga ubao wa sakafu, taratibu. "Mkwe tulimpata."



Nakumbuka uliporudi kazini baada ya siku zile. Nilikuuliza ulikuwa wapi, ukasema, "Nilikuwa na msiba mdogo." Nikadhani mdogo maana yake wa mbali. Astaghfirullah, Kaka Zuberi. Ulimaanisha aliyekufa alikuwa mdogo.

Baadaye, akasema shangazi yako, ulikuja na simu ya tochi umeiwekea mlio wa kipekee. Ukamwambia, "Shangazi, ikilia hivi usimngoje mtu. Piga debe." Naye hupiga. Wa dungu la pili wakisikia wanapiga la kwao, na la tatu, mpaka bonde zima linalia, watu wanabeba watoto na mpunga wanapanda juu barabarani. Na wachuuzi? Nilimuuliza. Akaniona mjinga. "Wakituona tumejipanga barabarani na magunia, si watakuja? Wana macho." Kumbe hiyo ndiyo siri iliyokuwa ikivuja, Kaka, watu wamekaa juu ya magunia yao kando ya lami.

Nilikuwa nimeshaanza kupata nafuu moyoni, ndipo akaniambia lile lililobaki.

"Nilimwambia amweleze yule binti anayefanya naye kazi, siku yeye akiugua nani ataangalia? Akakataa. Akasema, yule ni mwema na ana akili, lakini anakula na kulala nyumbani kwa mkubwa."

Nilikaa pale dunguni natazama mpunga. Miaka yote ile ya mihogo. Ulinifundisha kufungua na kufunga kila kitu, nikakuletea uji hospitali ulipokuwa huwezi kushika kijiko, nawe ulikuwa unanichunga. Ulijua unakufa, na bado ukaona heri jambo lile life na wewe kuliko kuliweka mikononi mwangu. Au ulitaka kusema ukachelewa? Siku ile ya mwisho ulinishika mkono ukasema, "Mloka, Hawa... Mloka uangalie." Nikasema nitaangalia, nikidhani unaweweseka kazi. Sijui. Sitajua.

Ungeniuliza tu, Kaka. Ungeniuliza mara moja.

Nilirudi Kibiti nimekasirika. Nikaamua kuuhamishia muunganisho ule kwenye toleo jipya, lakini kwa mkono wangu, bila kutumia kile kimlango chako. Sikutaka kitu chako. Akaunti nikaihamishia jina langu. Kisanduku kipya kikafungwa Mloka, nikakijaribisha, na kabla ya jioni kikanyamaza kabisa, hata zile namba za kawaida za kuja kwenye seva zikakatika.

Unadhani nilifikiri nini kwanza? Nilifikiri Mjomba kajua, katuma mtu kachomoa waya. Halafu nikamshuku Saidi, yule mlinzi wa nguzo, nikampigia simu na kumfokea kama mtoto. Maskini alikwenda mpaka mtoni, akanipigia akilia kwamba kila waya uko mahali pake na yeye ni mtu mzima mwenye wajukuu. Nimeshamwomba radhi.

Kosa lilikuwa langu. Toleo jipya halikubali kutuma maneno hivi hivi, linataka kwanza yageuzwe kuwa baiti, yaani namba zinazosomwa na mashine. La zamani lilikuwa halijali. Mimi nilisahau kugeuza, kwa hiyo kila nilipofungua muunganisho, programu ilianguka katikati, kabla ya kuufikia mstari wa kufunga. Nilikuwa nimeiambia ijaribu tena ikishindwa, nayo ikatii: ikafungua mwingine, na mwingine, yote imebaki wazi hewani, mpaka kisanduku kikakosa pumzi ya kuongea hata na sisi.

Nikarudi kwenye kipande chako. Mambo yakienda vizuri au yakiharibika, kinafunga. Na pale kwenye kugeuza maneno uliandika, "hapa pana utelezi, toleo jipya litamwangusha mtu." Mtu mwenyewe ndiye mimi. Nilicheka na nikalia, vyote kwa pamoja, na printa mezani kwako ikitoa karatasi za watu. Nikakitumia kama ulivyokiacha. Kikafanya kazi mara ya kwanza. Na ile sehemu ya zamani sikuifuta. Nikaacha programu ikubali kote kuwili, na kile kisanduku kizee nikakihifadhi stoo, maana radi za Mloka hazichagui kifaa kipya.

Kisha nikafanya ambalo wewe hukulifanya. Nilimwambia Mjomba. Tulikuwa mezani nyumbani, mke wake amekwenda kuswali. Nikamweleza muunganisho wa pili ni nini, unakwenda kwa nani, nani aliuanzisha na kwa nini. Nikamtajia kichanga. Nikasema, "Umo kwa jina langu. Ukiutaka utoke, Mjomba, uamuru kwa maandishi nami nitautoa."

Alimeza tonge lake. Akauliza, "Nani mwingine anajua?"

Nikasema hakuna.

Akavuta bakuli la mchuzi akajipakulia. "Basi mimi sijasikia kitu," akasema. "Na wewe hujasema."

Mpaka leo sijui alimaanisha nini. Labda aliona aibu. Labda anaiweka akiba, siku mambo yakimwendea kombo anionyeshe kidole mimi. Nilimtazama akila na kwa mara ya kwanza maishani nikaogopa nyumba niliyolelewa. Ndipo nikaanza kukuelewa kidogo.

Masika yalipokolea maji yakapanda Mloka kwa kasi. Mjomba alikuwa njiani kwenda wilayani, mtandao unakuja na kupotea. Namba zikafika kwangu, nikampigia, hapatikani. Ujumbe wa mradi ukakaa pale unamngoja aridhie. Lakini nilikuwa natazama muunganisho wa pili, ambao sasa kisanduku kinaniarifu kwenye kompyuta kila unapotumika. Umefunguka. Umepita. Umefungwa.

Nikampigia Bi Tatu. Hakuweza kunisikia. Nami sikusikia neno lake hata moja, nilisikia madebe tu, bonde zima, mengine karibu mengine mbali, na watu wakiitana kwa majina. Nikaiacha simu sikioni mpaka salio likaisha.

Walipanda wote. Mpunga mwingi umekwenda na maji, dungu la shangazi yako limeondoka na nguzo zake, anajenga jingine. Watu wote wapo.

Mjomba alirudi jioni, ameridhia ujumbe akiwa barabarani, umechelewa kama ule wa zamani. Akasimama mlangoni kwangu. "Chumbi vipi?"

"Walishapanda juu, Mjomba."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Tangu siku hiyo hasemi mbele yangu habari za vikao vyake, na nikiingia sebuleni anapunguza sauti ya simu. Nimepanga chumba karibu na stendi. Nimemwambia ni kwa sababu ya kuwahi kazini, naye amejifanya ameamini.

Sijakusamehe kwa kunishuku, Kaka Zuberi, na wewe usinisamehe upesi kwa kukushuku. Nilikuombea dua leo kabla sijashika kalamu, na nitakuombea kesho. Mwezi ujao nitapewa mtu wa kufanya kazi nami, msichana wa Nyamisati, nasikia baba yake ni rafiki mkubwa wa Mjomba. Nakuahidi hili: siku yake ya kwanza, kabla hajajua hata choo kiko wapi, nitamkalisha nimwonyeshe muunganisho wa pili na nimwambie unakwenda kwa nani. Nikikosea kumwamini, nimekosea. Walau atakuwa ameambiwa.

Pumzika, kaka yangu. Mloka naiangalia.

Hawa